Madogo wa bifu la Ijumaa, kaeni hapa kidogo

Wiki iliyopita walikuja studio madogo wawili kutoka Mbagala. Kundi moja, biti wameshalipia, vesi wanazo kwenye simu. Nimeshaweka sawa maiki, mmoja akaniuliza kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeuliza nauli: "Kaka, tutukanane kwanza Instagram halafu ngoma itoke Ijumaa, au ngoma itangulie?"

Sikumjibu. Tulirekodi, wakaondoka, nikakaa peke yangu mpaka Isha. Nawajibu leo, wao na wengine wote mnaonitumia demo saa saba usiku. Nawapenda, na mnanichosha, kwa sababu kila mwaka mnakuja sura mpya na kosa ni lile lile.

1. Ingia kwenye ngoma mapema. Spotify haihesabu kwamba mtu kakusikiliza mpaka sekunde 30 zipite, na nyie sekunde 40 za mwanzo mnasalimia mtaa, prodyuza, washkaji wa Tandale na mjomba aliyeko Muscat. Mjomba atasalimiwa kwenye simu. Tena tangu 2024 ngoma isiyofikisha kusikilizwa mara 1000 ndani ya miezi 12 hailipwi kitu kule. Msiogope hiyo namba. Ni watu 100 wanaokurudia mara kumi kumi, na watu 100 unao: darasa lako, kijiwe chako, binamu zako wa Tanga. Watafute hao kabla hujatafuta dunia.

2. Mgao uandikwe kabla ya kurekodi: nani kaandika nini, biti ya nani, masta (rekodi yenyewe iliyokamilika) ya nani. Sahihi, kisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

3. Kiki ya bifu, yaani kujigombanisha ili ngoma ipate macho. Hapa ndipo nilipokwama wiki ile, na hapa nitakaa.

Nilikuwa na mwenzangu. Tulikutana kidato cha pili, Tandika, tukaandika miaka sita kwenye kauntabuku moja. Yeye alikuwa mkali wa vina vya kati, mimi niliweza mizani. Nikipungukiwa mstari alinijazia, na baada ya wiki hakuna aliyekumbuka ulikuwa wa nani. Mwaka 2016 tulimaliza ngoma iliyotuchukua miezi mitatu. Mtu aliyekuwa anatusimamia akaisikiliza, akasema ni kali, ila kali hazitoshi siku hizi, mgombane kidogo watu wawajue. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Mwenzangu alikaa kimya, akasema, "Sawa. Ila wazazi wasiguswe."

Usiku ule nikajirekodi kwa simu, mistari minane ya kumchana. Kwenye mstari wa saba nikamtaja mama yake na karai la mihogo.

Mama yake alikuwa anakaanga mihogo jioni karibu na kituo cha daladala. Ile mihogo niliila miaka sita, siku nyingi bila kulipa. Alikuwa ananifungia kwenye gazeti, anaongeza kachumbari, ananiambia nisome. Nilikuwa na mstari mwingine wa kuweka pale, mzuri tu, wa kumcheka jamaa na viatu vyake. Nikaupiga chini. Nilichagua ule wa mihogo kwa sababu nilijua unauma, na nilishajifunza kwamba kinachouma ndicho watu wanachotumiana. Nataka mlione hilo vizuri: sikuteleza. Nilikaa kitandani na mistari miwili mkononi, nikapima, nikachagua.

Ikasambaa. Watu wakatumiana kile kipande kwenye magrupu ya WhatsApp, kurasa za udaku zikakibeba, na mimi nikawa nafungua simu kila baada ya dakika tano kuangalia namba. Siku ya tatu mwenzangu akapiga. Hakutukana. Alisema watoto waliotoka shule wamesimama mbele ya meza ya mama wanachana ule mstari kwa pamoja. Mama alikuwa anawachekea, akidhani ni wimbo wa shuleni, mpaka aliposikia jina lake. Akafunika karai kabla ya Magharibi, akaingia ndani.

Nikamwambia, "Vumilia mpaka Ijumaa."

Maneno matatu. Nimeandika mistari mingi sana maishani na hayo matatu ndiyo ningetoa chochote kuyafuta.

Ijumaa ngoma ikatoka, na video tuko pamoja, tumekumbatiana, kwamba yale yalikuwa maigizo. Jumatatu nikafungua takwimu za YouTube. Kuna mchoro unaoonyesha watu wanaondoka dakika gani. Mstari ulianza juu, halafu kabla ya sekunde ya 20 ukaporomoka kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Walifuata ugomvi, wakakuta amani, wakaondoka. Vesi ya mwenzangu ilianza dakika ya pili. Ni vesi bora aliyowahi kuandika, ya baba yake na bandari, na kwenye mchoro pale palikuwa karibu na sakafu. Komenti ya juu kabisa iliuliza mihogo iko wapi. Promota wa Morogoro akapiga akitaka shoo, sharti lake tupande jukwaani tuanze kwa kusukumana.

Mwenzangu hakuja studio tena. Na nyie mnaodhani kiki ikifeli unapanga nyingine, sikilizeni kilichofuata. Ule mtandao ulikuwa umeshaamua watu wangu ni akina nani. Kila ngoma niliyotoa baadaye ilipelekwa kwanza kwa wale wale waliokuja kuangalia ngumi, wakaipita, na ngoma inayopitwa haipelekwi mbali. Mwaka mzima nilikuwa nachana mbele ya umati uliokusanyika kwa ajili ya kitu kingine. Mtandao unahesabu macho tu. Haujui kama jicho limetulia kwa kupenda au limeganda kama linavyoganda kwenye ajali ya bodaboda.

Kwa mama yake nilikwenda mwezi wa pili. Nilisimama kwenye foleni kama mteja. Akaniona, akanifungia mihogo, akaongeza kachumbari, akakataa hela. Kuhusu wimbo hakusema neno. Nilipiga magoti pale pale kwenye vumbi kuomba radhi, akaniambia inuka mwanangu, watu wanasubiri. Nilitembea na kile kifurushi mpaka nyumbani na sikuweza kumeza.

4. Na wale wa upande wa pili, mnaoniambia hip hop ya kweli haigusi biashara, nanyi mnajidanganya. Usiku ule wa Agosti 11, 1973, 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, New York, ambao ndio tunauita siku ya kuzaliwa hip hop, kulikuwa na kiingilio: senti 25 wasichana, senti 50 wavulana. Cindy Campbell aliandaa ile pati apate hela ya nguo za shule, na kaka yake Kool Herc akapiga muziki. Biashara ilikuwepo mlangoni kabla ya mtu wa kwanza kucheza. Na Herc alikuwa anafuatilia watu kuliko programu yoyote. Aliona wachezaji wanasubiri kile kipande ambacho sauti zinakaa pembeni inabaki midundo tupu, ndipo wanaingia kati. Akachukua nakala mbili za sahani moja ya santuri, hii ikimaliza kipande anarudi kwenye ile, kipande cha sekunde chache kikawa dakika. Alipima macho ya watu kisha akawapa zaidi ya kile kilichowachezesha. Mimi nilipima macho ya watu nikawapa mama wa mwenzangu.

Hapa nyumbani wakongwe waliuza kanda, wakaibiwa kanda, wakalalamikia wasambazaji, lakini mtu alinunua kanda akaisikiliza upande wa kwanza na wa pili mpaka ikanasa. Sugu alikwenda bungeni 2010 kwa kura za Mbeya Mjini, Profesa Jay 2015 kwa kura za Mikumi, na watu walikuwa wameshakaa na sauti zao masikioni miaka mingi. Muulizeni mtu yeyote wa umri wangu awachanie vesi za miaka ile. Atachana mpaka mwisho, na atakosea pumzi tu.

5. Msinunue watazamaji. Roboti hainunui tiketi, na ngoma yako inaweza kuondolewa.

6. TikTok itumieni, sijakataa. Kateni sekunde 15 za mstari mkali kabisa, si kiitikio, na muweke maneno kwenye skrini watu wasome. Kuna binti wa Buguruni alirekodi hapa mwaka jana, hana video, hana meneja. Alichukua mistari minne kuhusu foleni ya maji, akaichana bila biti, ndoo iko nyuma yake, bomba linatiririka. Wanawake wa mtaani kwake wakaanza kuijibu kwa mistari yao, kila mmoja na ndoo yake. Ile ni saifa, jamani, lile duara la wachanaji kupokezana mistari. Ilihama tu kutoka kwenye kona ikaingia kwenye simu. Anazo ngoma tatu sasa na watu wake wanazisikiliza zote.

Sasa nyie wawili wa Mbagala. Ngoma yenu nimeisikiliza mara nyingi tangu mlipoondoka. Wewe mrefu, vesi yako ya pili, mstari wa kondakta aliyerudisha chenji ya marehemu, sijasikia mstari kama huo mwaka huu, na umeumeza kwa sababu ulikuwa unaharakisha. Mwenzio ndiye aliyekuandikia nusu yake. Nilimwona midomo ikicheza pamoja na yako kule nje ya kioo.

Njooni Jumanne saa kumi tuurudie. Saa ya kwanza silipishi. Njooni wote wawili, na mpande gari moja.