Maswali na majibu: Beyer Peacock, kiwanda cha Manchester kilichovuta mizigo ya Afrika Mashariki

Toleo lililopita niliandika aya mbili tu kuhusu kichwa cha treni namba 5918 kilichosimama kwenye makumbusho ya reli Nairobi, nikasema kwamba kilitengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock. Sikujua kuwa wasomaji wangu wengi hivi wana wazee waliofanya kazi reli. Haya hapa baadhi ya maswali yenu.

Shikamoo. Babu yetu alikuwa dereva wa reli, na ametuachia bamba la shaba lililoandikwa "Beyer, Peacock & Co. Ltd., Manchester". Huyo ni mtu mmoja au wawili? Na bamba hili lina thamani yoyote? (Msomaji, Voi)

Marahaba. Kwenye bamba wako wawili, lakini kwenye mkataba walikuwa watatu.

Charles Beyer alizaliwa mwaka 1813 huko Plauen, Saxony, Ujerumani. Alikuwa mtoto wa mfumaji nguo, wa nyumba isiyo na kitu, ila alikuwa na mkono wa kuchora. Mkono huo ndio uliompeleka kusoma Dresden, kisha mwaka 1834 ukamfikisha Manchester. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, na alianza kazi ya uchoraji wa mitambo katika kampuni ya Sharp, Roberts. Miaka kama kumi baadaye alikuwa mhandisi wao mkuu. Richard Peacock alikuwa Mwingereza wa Yorkshire, msimamizi wa injini wa reli iliyounganisha Manchester, Sheffield na Lincolnshire, na karakana yake ilikuwa Gorton, pembeni mwa Manchester. Mwaka 1854 wawili hao wakaanzisha kiwanda papo hapo Gorton, ng'ambo ya reli kutoka karakana hiyo.

Pesa ndiyo iliyotaka kuwaangusha mapema. Mtu wa benki aliyewakopesha, Charles Geach, alifariki mwaka uleule na mkopo ukadaiwa urudishwe. Aliyewaokoa ni Henry Robertson, mjenzi wa reli kutoka Scotland, akawa mbia wa tatu. Jina lake halimo kwenye bamba hata moja, na mimi naona hilo ni dhulma kidogo, maana bila yeye pasingekuwa na bamba la kuandika.

Kuhusu thamani: tazama namba iliyopigwa hapo. Kila injini ilikuwa na namba yake ya kiwandani, na kwa namba hiyo unaweza kujua ni kichwa gani hasa babu alitolea bamba. Wakusanyaji wa Uingereza hununua vitu hivi. Msilisugue kwa mchanga wala kulipaka rangi, na msiuze kwa mpita njia wa kwanza.

Injini yao ya kwanza iliuzwa nchi gani? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapohapo nyumbani. Ilitoka kiwandani mwaka 1855, ikaenda Great Western Railway, kampuni iliyokuwa na reli pana ajabu, zaidi ya mita mbili kutoka chuma hadi chuma. Reli yetu ya zamani ni mita moja kamili.

Kazi iliyowapa jina ilikuja mwaka 1864. London ilikuwa imefungua treni ya chini ya ardhi mwaka uliotangulia, ya kwanza duniani, na ilikuwa ya mvuke. Hebu fikiria moshi ule ndani ya handaki! Beyer Peacock wakaunda injini ndogo zenye mabomba ya kurudisha mvuke uliotumika kwenye matangi ya maji upoe humo, badala ya kuwatapikia abiria. Moja ya jamii hiyo, namba 23, imehifadhiwa London hadi leo.

Ukiangalia picha ya hiki kichwa cha Garratt ni kama vichwa viwili vimepeana migongo. Kinafanyaje kazi, na kwa nini huku kwetu vilipendwa hivyo? (Msomaji, Nakuru)

Swali zuri kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kichwa cha kawaida cha mvuke kina boila iliyokalia magurudumu yake. Ukitaka nguvu zaidi unanenepesha boila. Ukiinenepesha, magurudumu yanaingilia nafasi ya tanuri, uzito unazidi kile ambacho reli inaweza kubeba, na ukikirefusha kichwa ili kugawa uzito huo, hakipiti kwenye kona. Reli ya Mombasa hadi Uganda ilikuwa na shida zote tatu: chuma chepesi, kona kali, na mlima usiokwisha. Kutoka bahari hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 530, na unapanda zaidi ya mita 1,600. Ukivuka Nairobi ndiyo kwanza milima inaanza.

Herbert William Garratt, mhandisi Mwingereza aliyekuwa ametembea na kazi za reli katika nchi nyingi, alipata hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, mwaka 1907 kwa wazo rahisi la kushangaza. Boila yote unaining'iniza katikati juu ya fremu kama daraja, na chini yake huweki gurudumu hata moja. Kila mwisho wa daraja hilo unaukalisha juu ya seti yake ya magurudumu na silinda, inayoweza kuzunguka upande wake. Seti ya mbele inabeba tangi la maji, ya nyuma inabeba makaa au mafuta pamoja na maji mengine. Kwa kuwa chini ya boila ni patupu, unaweza kuifanya nene na fupi, na tanuri likawa pana na lenye kina. Uzito unagawanyika kwa ekseli nyingi. Kwenye kona kichwa kinapinda sehemu mbili, na boila inaegemea upande wa ndani wa kona badala ya kuvutwa nje.

Alilipeleka wazo hilo Beyer Peacock. Mwaka 1909 vikatoka vichwa viwili vya kwanza, vidogo vya tani 33 na ushei, kwa ajili ya reli nyembamba ya Tasmania. Garratt mwenyewe alifariki mwaka 1913, kabla hajaona wazo lake likienea. Hataza zilipokwisha mwaka 1928 kampuni ikaanza kujinadi kwa jina la "Beyer-Garratt", kuwaambia wanunuzi kwamba za wengine ni za kuiga.

Duniani zilijengwa zaidi ya 1,600, na Afrika ndiyo iliyochukua nyingi kuliko bara lolote. Kenya-Uganda Railway ilipokea za kwanza mwaka 1926. Wakati huohuo reli kubwa za Uingereza kwenyewe zilinunua 34 tu: kampuni ya LMS 33 na kampuni ya LNER moja. Kwa hiyo mtu wa Nakuru wa miaka ya 1950 aliijua Garratt kuliko mtu wa London.

Mwalimu wetu alisema klasi ya 59 ilikuwa injini ya mvuke kubwa kuliko zote duniani. Ni kweli? (Mwanafunzi, Jinja)

Mwalimu amekaribia, amesahau tu maneno matatu: "reli ya mita". Kwa upana huo wa reli, ndiyo, 59, Garratt za East African Railways ambazo ile 5918 ni mojawapo, ilikuwa na nguvu kuliko injini yoyote ya mvuke. Ilikuwa na tani 252, nguvu ya kuvuta ya ratili 83,350, na iliweza kupandisha treni ya tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi. Zilijengwa 34, mwaka 1955 na 1956, nazo zilichoma mafuta mazito, maana hakuna mtu na koleo ambaye angelilisha tanuri la ukubwa ule safari nzima. Wahudumu walikwenda wawili wawili kwa zamu, kundi moja likiendesha na jingine likilala kwenye behewa lao nyuma ya kichwa.

Kwenye reli pana zaidi zipo zilizoishinda. Beyer Peacock wenyewe waliijengea Urusi ya Kisovieti Garratt moja ya tani 262 mwaka 1932. Na "Big Boy" za Union Pacific ya Marekani, za mwaka 1941, zilipita tani 500 ukihesabu na tenda, yaani behewa lake la makaa na maji.

Jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba Nairobi ilitaka kubwa zaidi. Klasi ya 61 ilichorwa ikiwa na tani 372. Ilibaki kwenye karatasi.

Mimi ni Mchaga na nina malalamiko. Inakuwaje Mount Kenya ipewe namba 5901 na Kilimanjaro irushwe hadi 5928? (Msomaji, Moshi)

Malalamiko yamepokelewa, ila yamechelewa miaka 70.

Kwa wasiojua: kila kichwa cha klasi ya 59 kilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Ruwenzori, Meru, Elgon, Hanang, Rungwe, Longonot, Lengai, yote imo. Vilivyobaki Nairobi ni viwili, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, na yote ni milima ya Tanzania, Gelai karibu na Ziwa Natron na Shengena kule Upare. Kwa hiyo katika waliosalia, Wakenya hawana hata mmoja. Nadhani hapo mmelipizana.

Milima ilikuwa chaguo la busara. Klasi ya 60, iliyotangulia, ilipewa majina ya magavana wa kikoloni, na uhuru ulipokuja vibao vile vikabanduliwa. Milima haikubanduliwa.

Je, vichwa vyote vya East African Railways vilitoka kiwanda hicho? (Msomaji, Tabora)

Hapana. Vile visivyo Garratt, vyenye majina ya makabila, vilijengwa na wengine: klasi ya 29 na 30 na North British ya Glasgow, klasi ya 31 na Vulcan Foundry. Hata klasi ya 60 baadhi zilijengwa Ulaya bara na Franco-Belge kwa michoro ya Gorton, kwa kuwa Manchester walikuwa wamelemewa na oda.

Na kwa kuwa umeandika kutoka Tabora: vichwa hivi vilichorwa viweze kubadilishwa kutoka reli ya mita kwenda ile ya milimita 1,067 inayotumika kusini mwa Afrika, kwa matumaini kwamba siku moja reli hizo mbili zingekutana. Zilikutana kweli, Kidatu, kupitia TAZARA, lakini mizigo inahamishwa kutoka behewa hadi behewa.

Kampuni iliyouza dunia nzima hivyo ilikufaje? (Mwanafunzi wa uchumi, Nairobi)

Ilikufa kwa kile kilichoilisha. Makampuni makubwa ya reli ya Uingereza yalijijengea injini kwenye karakana zao yenyewe. Viwanda binafsi kama Beyer Peacock vilibaki na makombo ya nyumbani, na ikabidi vitafute riziki ng'ambo: makoloni, Amerika ya Kusini, Australia. Vilipigania hata hayo. Mwaka 1876 viwanda hivyo vilipata amri ya mahakama kuizuia London and North Western Railway isiwauzie wengine injini kutoka karakana yake.

Garratt ikawa jibu kamili kwa soko hilo la ng'ambo, na hapo ndipo mtego ulipokuwa. Kampuni ikawa na bidhaa moja bora isiyo na mpinzani, kwa wateja wa aina moja, wenye reli nyepesi na milima mingi. Wateja haohao ndio waliofaidika zaidi na dizeli, isiyotaka vituo vya maji nyikani wala saa nyingi za kuwasha moto. East African Railways ilianza kupokea dizeli za English Electric za njia kuu mwaka 1960, miaka minne tu baada ya 59 ya mwisho.

Gorton hawakulala. Mwaka 1949 waliungana na Metropolitan-Vickers kujenga injini za umeme na dizeli huko Stockton, na kiwanda hicho kikafungwa mapema. Kisha, kati ya 1961 na 1964, wakajenga dizeli 101 za "Hymek" kwa British Railways. Zilikuwa injini nzuri, lakini zilitumia nguvu ya mafuta ya haidroli kuzungusha magurudumu, na British Railways ikaamua kubaki na dizeli za umeme. Hakukuwa na oda nyingine ya aina ile. Mwaka 1966 Gorton ikafungwa, baada ya injini karibu 8,000.

Mimi siwalaumu kwa kuchelewa kuiacha mvuke. Mwaka 1955 mteja wa Nairobi alikuwa anaomba Garratt kubwa zaidi, na hakuna mfanyabiashara anayemkatalia mteja mwenye pesa mkononi.

Tunaishi Manchester na watoto wetu wamezaliwa hapa. Kuna chochote cha kuwaonyesha? (Msomaji, Manchester)

Kipo, tena karibu. Makumbusho ya sayansi na viwanda hapo mjini yanatunza nyaraka na michoro ya kampuni, pamoja na Garratt nzima ya klasi ya GL iliyorudishwa kutoka Afrika Kusini. Ulizieni kwanza kama ukumbi wake uko wazi, kwa sababu ulifungwa muda mrefu kwa matengenezo. Gorton kwenyewe sehemu ya majengo ya kiwanda bado imesimama, na kanisa la Brookfield alilolijenga Peacock lipo, naye amezikwa uwanjani pake. Beyer hakuoa, na sehemu kubwa ya mali yake iliingia kwenye chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Manchester.

Watoto wakitaka kupanda, nendeni Wales kaskazini, Welsh Highland Railway, kutoka Caernarfon hadi Porthmadog. Wanatumia Garratt ndogo zilizofanya kazi kusini mwa Afrika, na mojawapo, namba 143 ya mwaka 1958, ndiyo injini ya mvuke ya mwisho kutoka Gorton. Kateni tiketi mapema wakati wa likizo za shule, na mkae mahali ambapo mnaweza kuchungulia mbele treni inapoteremka kuelekea Beddgelert, maana kona za hapo ni kali kiasi cha kukiona kichwa kikipinda sehemu zote mbili.