Mchungaji akilia, nani atampa pole?

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: "Mchungaji alie msibani au ajikaze?" Nililisoma nikiwa kwenye foleni ya benki, na kabla sijafika dirishani nilikuwa nimeshalijibu: ajikaze. Mimi ni mchungaji mstaafu wa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, nimezika watu wengi huku Machame, Kilimanjaro, na najua kinachotokea mchungaji akishikwa na kwikwi kaburini. Kwaya inapoteza sauti, akina mama wanaanza kuanguka, na mfiwa anabaki hana pa kuegemea.

Lakini tangu siku ile kuna msiba mmoja unanirudia, nao haukuwa wa huku.

Kati ya 2009 na 2014 nilitumwa Sachsen, mashariki ya Ujerumani, kuhudumia sharika za vijijini. Misioni ya Leipzig, shirika la wamisionari wa Kilutheri kutoka huko huko Sachsen, ilifika kwetu mwaka 1893. Siku hizi sisi nasi tunawapelekea wachungaji. Kanisa langu la huko lingeweza kukalisha watu 300. Jumapili ya kawaida tulikuwa 11 au 12.

Mmoja wao alikuwa bibi aliyepita miaka 80, benchi la tatu, upande wa jiko la makaa. Enzi za ukomunisti, serikali ilipowataka vijana wote wale kiapo kwenye sherehe yake badala ya kupata kipaimara, yeye aliwapeleka watoto wake watatu kanisani. Wa kwanza akanyimwa nafasi ya masomo ya juu. Alinisimulia hayo mara moja tu, akimenya viazi, wala hakuinua macho.

Kijerumani kina ngeli tatu, na mimi nilizichanganya kila Jumapili, kama mgeni wa kwetu anayesema "kitabu yangu". Wengine walinistahi wakanyamaza. Yeye, ibada ikiisha, alinipa kikaratasi kilichokunjwa mara nne: makosa yangu ya siku ile, kwa penseli, na chini yake neno moja kuhusu mahubiri. "Leo nimeshiba." Au: "Kwenye Ayubu ulikimbia." Nilimwita Mama, yeye aliniita Bwana Mchungaji mpaka mwisho. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa naandika mahubiri nikimwona yeye mbele yangu.

Alifariki mwezi wa pili, na tulimzika siku ya tisa. Mimi nimezoea msiba wa turubai na masufuria, watu wanalala uani, na marehemu analazwa kihambani, shamba la ukoo, kati ya migomba, jirani na baba yake. Kule jeneza halizikwi nyumbani, sheria haitaki. Na kaburi lenyewe hukodiwa, mara nyingi kwa miaka 20 au 25. Muda ukiisha na ndugu wasipolipia tena, anaweza kuzikwa mwingine. Jambo hilo lilininyima usingizi zaidi ya baridi. Mtu aliyekaa benchi moja maisha yake yote, kisha alale kwa mkataba!

Siku ya maziko tulikuwa 14. Nilishika koleo nikatupa udongo mara tatu. Maneno ni yale yale tunayosema huku: udongo kwa udongo, majivu kwa majivu, mavumbi kwa mavumbi. Nikaongeza sentensi yangu mwenyewe, na ndani yake nikalitaja kaburi kwa ngeli isiyo yake. Nilijua papo hapo. Nikasimama, nikawatazama wale 14 mmoja mmoja, namtafuta mwenye penseli. Ndipo nikalia.

Hakuna aliyenisogelea. Si kwamba walikuwa na roho mbaya. Kwao mtu akilia huachiwa nafasi, na hiyo ni heshima. Tulikwenda kunywa kahawa na kula keki, wote wakawapa mkono watoto wa marehemu, nami nikawapa. Kisha nikarudi peke yangu nyumba ya mchungaji. Nilimpigia mke wangu aliyekuwa Moshi, simu ikakatika mara mbili, nikaacha.

Sisi Wakilutheri wa kaskazini tunawakumbuka sana Ovir na Segebrock, wamisionari waliouawa Meru, Arusha, mwaka 1896. Ni haki. Lakini waliobaki wakazeeka nasi? Mmisionari Bruno Gutmann wa Leipzig alikuja Uchagani mwaka 1902 akaondoka 1938. Katika miaka yote hiyo, wazee waliomfundisha lugha walipokufa, kuna mtu aliyekwenda kwake jioni kumwambia pole? Sijawahi kusikia swali hilo likiulizwa, na mimi mwenyewe nisingeliuliza bila Sachsen.

Kwa hiyo, Mhariri, nilikaa kuandika "ajikaze" na sasa naandika "alie". Ila asilie kabla ya kumaliza sala ya kaburini, maana wafiwa wanahitaji kuyasikia maneno yale yote. Na kama msiba ni wa mtoto mdogo, hapo bado nasema ajikaze hata kama moyo unapasuka. Nimeshuhudia mama akimtazama mchungaji usoni ili ajue kama aanguke au asimame.

Ninachowaomba wazee wa kanisa ni hiki: kama mchungaji wenu ni mtu wa mbali, siku mliyomzika aliyemzoea, msimwache arudi nyumbani peke yake. Mmoja wenu aende, akae naye hata saa moja. Chai ataipika mwenyewe.