Kwetu Kulikuwa na Namba

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Umesema mshenga anataka kupeleka barua ya posa na amekwama mstari wa kwanza tu, pale pa kueleza kijana anatoka wapi. Ukaniuliza, "Mama, hivi kwetu hasa ni wapi? Babu Mngoni lakini kazikwa Morogoro, wewe unasema umekulia Tabora, na Kingoni hata salamu huijui." Nilitaka kukupigia, nikaona salio litaisha kabla sijafika popote. Bora niandike.

Mshenga aandike Songea. Wazee wa upande ule hilo litawatosha. Lakini wewe umeniuliza mimi, kwa hiyo jibu lako ni jingine: kwetu ni kota namba kumi na tisa, kwenye kambi ambayo jina lake silitaji hapa. Mtoto wa mwanajeshi tulifundishwa kambi haiandikwi kwenye barua, na mazoea yana taabu.

Kota zilijengwa mistari, ndiyo maana tukasema tunakaa lainini. Vyumba viwili, bati juu, ukuta mmoja na jirani, bomba moja la maji kwa mstari mzima. Vyombo vya ndani havikuwa vyetu. Meza, viti, kitanda cha chuma, vyote vilikuwa na namba ya jeshi kwa rangi nyeupe upande wa chini. Mimi na wajomba zako tulikuwa tunalala chali chini ya meza tunasoma zile namba, na nadhani tarakimu nilizijua kabla ya herufi. Nje, mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa, na miembe nayo ilipakwa chokaa mpaka kiunoni kama imevaa soksi. Siku ya ukaguzi bibi yako alifagia uwanja mpaka ukabaki na michirizi ya ufagio, na ole wako uukanyage kabla afande hajapita.

Kila kilichokuwa nje ya geti tulikiita uraiani. Soko lilikuwa uraiani, kanisa uraiani, stesheni uraiani. Tulisema "nimetoka uraiani" kama mtu aliyetoka ng'ambo. Hata michezo ilikuwa na vyeo. Mtoto wa sajini alikuwa nahodha wa timu, mtoto wa praiveti anakaa golini, na watoto wa maofisa walikaa upande wao wenye maua, hatukucheza nao sana. Babu yako alikuwa koplo wakati huo. Mjomba wako mkubwa alicheza beki miaka yote, akapanda namba baba alipopandishwa cheo. Usicheke, ni kweli.

Jambo moja nataka ulione kama nilivyoliona mimi. Saa kumi na mbili jioni bendera inashushwa. Tarumbeta ikilia, kambi nzima inasimama pale pale ilipo. Aliyeshika ufagio anasimama nao, anayekimbiza kuku anamwacha kuku aende. Siku moja ilinikuta nimetoka bombani, ndoo imejaa kichwani, na siafu wameshaanza kunipanda mguuni. Jirani yetu sajini alikuwa amesimama hatua chache mbele yangu, mkono kwenye paji la uso. Bila kugeuza shingo akaninong'oneza: "Visigino pamoja." Nikabana visigino. Siafu wakauma, maji yakanitiririka mgongoni, nami nikatulia tuli hadi bendera ikakunjwa. Nilikuwa na miaka saba.

Sasa hilo la Kingoni. Kushoto kwetu walikaa Wahehe, kulia Wakurya, mbele Mmakonde na mkewe aliyetoka Unguja, ambaye maandazi yake ya iliki yaliwafanya watoto wa mstari mzima kuwa na adabu. Babu yako Mngoni, bibi yako Mpogoro wa Mahenge. Tungezungumza kipi? Tulizungumza Kiswahili, na cha kwetu kilikuwa kimejaa gwaride, gadi, mesi na doria. Makabila tuliyajua kwa utani tu. Yule Mhehe, kwa kuwa ni mtani wa Wangoni, aliingia jikoni bila hodi, akafunua sufuria, akachukua mnofu mkubwa, akaondoka akisema mateka hana nyama. Baba alimlipizia kwa kumuuliza mbele za watu kama mbwa wake wote wametimia. Mimi nilidhani hao ni ndugu wa damu. Nilikuwa nishamaliza darasa la saba nilipojua kwamba watu hao walipigana vita zamani.

Halafu ikaja vita yetu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Mwalimu alizungumza tarehe 2 Novemba, yale maneno mnayoyasikia bado, ya sababu na nia na uwezo. Uraiani watu walishangilia. Lainini redio zilizimwa moja moja, na nikasikia wanawake wanapiga pasi usiku. Kyaka nililijua jina kabla sijajua Kagera iko wapi, kwa sababu daraja lake lilivunjwa na watu wazima walilitaja kila walipokutana bombani. Tabora ndipo reli inapogawanyika, moja inakwenda Kigoma na nyingine Mwanza. Baba aliondoka na ile ya Mwanza. Hatukwenda kumsindikiza, alitoka kabla ya alfajiri, na bibi yako alituambia kaenda mazoezini.

Kambi ikabaki ya wanawake na watoto. Barua zilichelewa, na simu ilikuwa ofisini tu. Tukajifunza kusikiliza Land Rover. Ikipita moja kwa moja, vijiko vinaanza tena kulia sufuriani. Siku ile ilisimama nyumba ya saba, kwa rafiki yangu, akashuka ofisa mmoja na padri. Mama yake hakupiga kelele. Alirudi ndani akavaa viatu, kisha akatoka kuwapokea. Sijui kwa nini kitu hicho cha viatu kimenikaa hivi. Baada ya msiba waliondoka. Kota ni ya askari, na askari wa nyumba ile hakuwepo tena. Rafiki yangu aliniachia kamba yake ya kuruka, kisha akapanda lori akakaa juu ya godoro. Wiki mbili baadaye kulikuwa na familia nyingine, na meza ile ile yenye namba. Makaburi ya mashujaa wa vita hiyo yapo Kaboya, Muleba. Ukipita huko siku moja, simama kidogo.

Kampala ilichukuliwa tarehe 11 Aprili 1979, tukaimba siku tatu, lakini wengi walibakizwa Uganda. Babu yako alirudi mwaka uliofuata. Nilikuwa uwanjani nikaona mwanajeshi mwembamba, ndevu hazijanyolewa, anakuja na begi begani. Nikamwamkia kama tulivyofundishwa: "Shikamoo, afande." Akaitikia marahaba, akapita, akaingia ndani kwetu. Ndipo nikasikia bibi yako anapiga kigelegele.

Baada ya hapo ni ile njaa ya sabuni. Mwalimu alisema tufunge mikanda miezi 18. Ilipita tukaendelea kufunga. Tulikula ule unga wa njano, unga wa Yanga, hata sisi mashabiki wa Simba. Lakini duka la kambi lilipata sukari na sabuni wakati uraiani hakuna, na shuleni wasichana walinusa kola ya gauni langu. Sikujivuna. Nilianza kufua na majivu kwa siri ili ninuke kama wao.

Babu alistaafu mwaka 1989. Kijana wa stoo alikuja na daftari akahesabu: meza moja, viti vinne, vitanda viwili, ufunguo. Akatia sahihi. Songea ndugu zake walishagawana shamba, na Mahenge ni kwa bibi. Akanunua kiwanja Kihonda, Morogoro, kwa maelezo yake kwamba ni katikati ya njia. Ndiyo sababu kazikwa pale, hakuna siri nyingine.

Mwaka jana nilipokwenda kwenye ule msiba wa Nzega, nilishuka Tabora bila kukuambia. Nikakodi bodaboda mpaka getini. Mlinzi, kijana wa umri wako, akauliza, "Mama, unamtafuta nani?" Nikamwambia simtafuti mtu, nilikaa hapa, kota kumi na tisa. Akasema bila kibali hawezi kuniruhusu, na akaniomba radhi. Baba yangu naye asingeniruhusu. Akanipa kiti kivulini, nikaona miembe kwa mbali, bado ina soksi zake.

Ikafika saa kumi na mbili. Tarumbeta ikalia, bodaboda ikazimwa, na mimi nikainuka na mkoba wangu. Ilipokwisha nikaona yule kijana ananitazama miguuni. Nilikuwa nimebana visigino.

Niambie posa ni tarehe gani, nimpelekee fundi kitambaa mapema. Na mshenga asisahau: Songea.

Mama yako