Dada anatoka Lang'ata: maswali yenu na majibu

*Dadangu anamaliza kifungo katika gereza la wanawake la Lang'ata mwezi ujao. Pombe ndiyo iliyomponza. Mama anataka aape mbele ya mchungaji kabla hajaingia nyumbani. Ni sawa? – Kaka mtu, Kayole*

Kiapo chenyewe hakina ubaya. Shida ni kwamba akikivunja atawaficha, na anayejificha ni vigumu kumsaidia. Wanawake wengi wanaofungwa kwa makosa ya pombe au dawa za kulevya walishapigwa au kubakwa zamani, na glasi ndiyo iliyowapa usingizi. Kwa hiyo kabla ya mchungaji, muulize mama hivi: kama kuna aliyekuwa akimpiga dada, bado anakaa ploti hiyo hiyo? Dada atalala wapi, na mlango unafungwa kwa ndani? Matibabu yanayojali majeraha ya moyoni huanzia hapo, kwenye usalama. Usimshurutishe kusimulia yaliyompata. Akiwa tayari, namba 1195 hupokea simu za waliodhulumiwa bila malipo. Na mpe ufunguo wake. Gerezani aliambiwa saa ya kuamka, ya kula na ya kulala, kwa hiyo kuamua mambo madogo ni sehemu ya kupona. (Chapati za kumkaribisha pia zinaruhusiwa.)

*Binti yangu alikuwa akitumia unga (heroini). Amekaa ndani miaka miwili bila kugusa. Si amepona? – Mama, Mathare*

Hapana, mama, na hapa sitazunguka. Mwili wake umepoteza uzoefu. Kipimo alichokuwa akikimudu zamani sasa kinaweza kumuua, na wiki za kwanza baada ya kutoka ndizo za hatari zaidi. Mwambieni hivyo waziwazi, hata kama mnaona ni kumkumbusha. Ukimkuta amelala haamki, anakoroma ajabu au midomo imegeuka rangi, mkimbizeni hospitali. Kuna dawa, naloksoni, inayoweza kumrudishia pumzi.

Tamaa ikirudi, kliniki za methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, zipo hospitali ya Mathari na Ngara. Majirani watasema ni kubadilisha unga kwa unga. Waacheni waseme. Methadoni hunywewa kila siku kwa kipimo cha daktari, huzuia arosto (maumivu ya kukosa unga), na mtu anaweza kwenda kazini.

*Nilitoroka kituo cha kurekebisha tabia siku ya tatu. Tuliketishwa duara moja na wanaume, tukaambiwa tuseme yote. Mimi ni mkaidi? – Nimechoka, Huruma*

La. Mtu aliyedhulumiwa na mwanaume hawezi kufunguka kwa amri, mbele ya wanaume asiowajua. Hata mhudumu kukushika bega kutoka nyuma kunaweza kukurudisha kulekule. Kabla ya kuingia kwingine, uliza: kuna kikundi cha wanawake pekee? Nitapata mshauri wa kike? Naruhusiwa kunyamaza? Wakikasirika kwa kuulizwa, umeshajibiwa. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, namba 1192, watakuelekeza kwenye vituo vyenye leseni. Kama unakunywa kila siku, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mtetemeko unaweza kufika degedege.

*Nilikuwa na mwanangu gerezani hadi alipofika miaka minne, kisha akapelekwa kwa nyanyake. Sasa nimetoka na ananiita "anti". Nikitoka kumwona, kiu hunishika. – Mama Bila Jina, Dagoretti*

Pole, dada. Usimnyang'anye nyanya mtoto kwa haraka. Kwake huyo ndiye nyumbani. Omba kazi ndogo kwanza: kumwogesha, kumtembeza hadi shule, kumsuka. Nyanya akikuzuia kabisa, nenda kwa afisa wa watoto wa eneo lenu.

Kiu hiyo huja na aibu, na kwa kuwa unajua itakapokuja, ipangie. Usitoke kwa nyanya ukipitia kwa mama pima, muuza pombe. Mwombe mtu akungoje stejini, ikiwezekana mwanamke aliyepitia hayo. Teresa Njoroge, aliyefungwa Lang'ata akiwa na mtoto mchanga, alianzisha shirika la Clean Start kwa ajili ya wanawake kama wewe. Watafute.