Mizinga mikubwa haikuniokoa

Juzi msomaji aliniandikia: "Kaka, nimefunga mizinga mikubwa kuliko yote kwenye meli yangu, mbona nikifyatua sipati kitu?" Nilicheka. Halafu nikanyamaza, maana wiki hiyo hiyo nilikuwa nimepoteza meli yangu kubwa ya kivita ndani ya EVE Online, mchezo wa kompyuta wa meli za angani, kwa kosa lile lile.

Alikuja mtu na frigeti, kimeli cha kudharaulika. Alipokuwa mbali akinijia moja kwa moja ningeweza kumpasua. Sikufyatua, nilitaka asogee nimwone vizuri. (Majivuno tu hayo.) Akafika kilomita moja, akaanza kunizunguka kama nzi aliyeona kidonda. Mizinga inageuka, inageuka, haimfikii. Risasi baada ya risasi: imekosa, imekosa, imekosa. Kunitafuna kulichukua muda mrefu, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Usiku huo nilishika kalamu. Kumbe kinachoushinda mzinga ni kasi ya pembe, yaani kasi ya adui anayekukata ubavuni, gawanya kwa umbali. Mita 300 kwa sekunde akiwa kilomita 10 ni radiani (kipimo cha pembe) 0.03 kwa sekunde. Mwendo ule ule akiwa kilomita 1 ni 0.3. Mara kumi! Anayekuja uso kwa uso pembe yake ni karibu sifuri. Tena mizinga mikubwa hugeuka polepole, na meli ndogo ni shabaha finyu.

Umbali nao una adhabu yake. Kila mzinga una masafa yake bora, na nje ya hapo una eneo la kufifia, ambako nafasi ya kupata hupungua. Shabaha ikiwa imetulia, ukimaliza eneo hilo lote nafasi ya kupata ni nusu. Ukienda mara mbili ya eneo hilo, ni kama asilimia 6.

Sasa nisikilizeni, jamani. Acheni kununua ukubwa! Washeni safu ya kasi ya pembe kwenye orodha ya shabaha, muitazame kabla ya kufyatua. Mpigeni akiwa mbali. Fungeni kifaa cha kumpunguzia mwendo. Na mpigeni akiwa mbali, narudia, kwa sababu najua mtangoja kama nilivyongoja mimi.

Makombora hayajali pembe, ila frigeti inayokimbia huyapunguzia madhara, kwa hiyo msikimbilie huko mkidhani mmepona.

Meli yenyewe sikuwa nimeikatia bima.