Shangazi, nilipiga kigelegele alipokufa

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, nashona nguo Chang'ombe, hapa Dodoma. Mwaka juzi mama aliugua, nikakopa shilingi 300,000 kwa baba mmoja wa mtaani kwetu, ile mikopo ya kausha damu. Nililipa, nikalipa tena, riba ikawa inazaa tu. Mwishowe akaja na vijana wawili, wakabeba cherehani yangu na kitambaa cha mteja kikiwa bado chini ya sindano. Wengi aliwafanyia hivyo. Kuna mzee aling'olewa bati.

Mwezi uliopita alipata ajali ya pikipiki njia ya Singida, akafa. Habari zilipofika, vijana wa bodaboda walipiga honi, mwenye duka akafungulia muziki, mtu akagawa soda. Na mimi nilipiga kigelegele, Shangazi, tena kirefu. Ndipo nikamwona mwanawe wa darasa la tatu amesimama na sare ya shule, kashika mfuko wa sukari, anatuangalia. Tangu siku hiyo sipati usingizi. Kaka yangu ananicheka, anasema hata Wamarekani walicheza barabarani Osama alipouawa na hakuna aliyewaambia wamekosea. Msibani sikwenda. Je, nilikosea?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale kwenye kitambaa cha mteja. Ulidhulumiwa, na hilo nalisema kabla ya lingine lolote. Moyo wako uliruka kwa sababu mzigo ulidondoka. Usijiite mwovu kwa kuona nafuu.

Kaka yako amemtaja Osama bin Laden, kiongozi wa kundi la Al-Qaeda, na hapo kanigusa, maana watu wake ndio waliotupiga mabomu. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 nilikuwa muuguzi wa zamu Dar es Salaam. Saa nne na nusu asubuhi ilikuwa imepita kidogo bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani, karibu wakati mmoja na lile la Nairobi. Kwetu walikufa watu 11 na kujeruhiwa 85. Nairobi waliokufa walizidi 200. Hakuna Mmarekani aliyekufa Dar. Walikuwa watu wetu, waliotoka nyumbani asubuhi kutafuta riziki.

Mimi nilipewa mama mmoja mwenye vioo kichwani. Vilikuwa vidogo kama punje za chumvi ya mawe, vimejificha kwenye nywele. Nilimchana taratibu kwa kitana, vinadondoka kwenye bakuli la chuma, ti, ti, ti. Hakulia. Alichoniuliza ni kama kuna mtu ameiokota chupa yake ya chai, kwa sababu alikuwa akiuza chai na ile chupa ilikuwa ya kuazima.

Jumatatu ya tarehe 2 Mei 2011 nilikuwa nimeshahamia Dodoma. Rais Obama wa Marekani alitangaza usiku wa kwao kwamba Osama ameuawa; kwetu ilikuwa asubuhi, saa kumi na mbili na nusu imepita, nakoroga uji wa uwele, redio iko dirishani. Nilikaa kwenye kigoda nikasema, "Afadhali." Neno hilo silijutii mpaka leo. Baadaye nikapita hotelini karibu na soko la Majengo, televisheni inaonyesha vijana mbele ya Ikulu ya Marekani, wengine wamepanda miti na nguzo za taa, wanaimba jina la nchi yao. Wengi wao walikuwa watoto ndege zilipogonga yale majengo ya New York mwaka 2001. Walikua na hofu ya mtu yule, na niliwaelewa. Lakini chapati ilinikwama. Nilikuwa namwaza yule mama wa chupa ya chai, na katika zile kelele zote hapakuwa na aliyemtaja.

Wala si kweli kwamba hakuna aliyesema. Siku ileile msemaji wa Vatikani alitamka kwamba Mkristo hafurahii kifo cha mtu, hata awe amemwaga damu kiasi kile. Kitabu cha Mithali nacho kimeyasema yote mawili: sura ya 11 inaeleza jinsi mji unavyopiga shangwe waovu wakiangamia, sura ya 24 inakataza kufurahi adui akianguka. Zamani nilidhani zinapingana. Siku hizi naona ya kwanza inasimulia watu walivyo, na ya pili inasema na mtu mmoja aliyekaa macho usiku kama wewe.

Kilichonituliza mimi zaidi ni cha mwaka 2001, mahakama ya New York ilipowafunga maisha watu wanne kwa mabomu yale ya Dar na Nairobi, mmoja wao Mtanzania. Pale watu walisimama wakaeleza yaliyowapata, wakasikilizwa. Mtaani kwenu hakuna aliyewasikiliza. Mlipopiga honi mlikuwa mnatoa ushahidi pasipo na hakimu, na aliyebaki kuusikia akawa mtoto wa darasa la tatu. Kosa lipo hapo, mwanangu, na usingizi wako unalijua.

Basi nenda. Matanga yameshaanuliwa lakini pole haichelewi. Jifunge kanga, beba unga kidogo, mchukue na yule mzee wa bati akikubali. Hulazimiki kumsifu marehemu. Sema "poleni", kaa mkekani kidogo, uondoke. Mjane hakukudhulumu.

Cherehani usiitaje siku hiyo, ila usiiache kwa aibu. Familia ikifungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, madai hupelekwa kwa msimamizi wa mirathi. Andika tarehe, kiasi ulicholipa, walioona ikibebwa. Ujumbe wa malipo kwenye simu usiufute. Anzia kwa mwenyekiti wa mtaa, nendeni wote mliodhulumiwa. Na muulize kama marehemu alikuwa na leseni, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe nayo.

Jina la mtoto hukuniandikia, ila nadhani unalijua. Ukimkuta dukani mwite kwa jina, muulize habari za shule. Akikukwepa, mwache apite, na kesho yake mwite tena.