Forodha imejaa, hazina tupu: China ilifilisikaje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaandika tasnifu ya mwaka wa tatu kuhusu kuanguka kwa utawala wa kifalme nchini China, na nimekwama mahali pamoja. Nasoma kwamba fidia za vita zilizodaiwa na mataifa ya kigeni ndizo zilizowafilisi watawala wa Qing, ukoo wa mwisho wa kifalme. Papo hapo nasoma kwamba mapato ya forodha yalipanda mwaka hadi mwaka chini ya Robert Hart, mgeni aliyeongoza idara ya forodha ya China, na wizi ukapungua sana. Serikali inayokusanya zaidi inafilisikaje? Na ule ushuru wa asilimia 5, ulikuwa mbaya kiasi hicho kweli?
Mwanafunzi wa historia, Dodoma

JIBU: Marahaba. Vyote viwili ulivyosoma ni kweli, na havipingani. Mkopeshaji hakubali rehani mbovu. Forodha ya China ilipokuwa safi na yenye mapato ya uhakika, ndipo ilipofaa kuwekwa rehani, na ikawekwa.

Nianze na swali lako la pili, maana watu wengi hulipita haraka. Mkataba wa Nanjing wa mwaka 1842, uliofunga Vita vya kwanza vya Afyuni kati ya Uingereza na China, ulifungua bandari tano kwa Waingereza, na mwaka uliofuata zikatolewa orodha za ushuru wa takriban asilimia 5. Lakini afisa wa forodha hakuwa akipima thamani ya shehena na kuchukua asilimia 5 yake. Kwa bidhaa nyingi orodha ilitaja kiasi maalumu cha fedha kwa kila mzigo au kila jora, kilichokokotolewa kwa bei za wakati ule. Bei ikipanda, kiasi kinabaki palepale, kwa hiyo ile 5 ya kwenye karatasi inakuwa pungufu mfukoni. Orodha ilirekebishwa mwaka 1858, kisha ikakaa hadi 1902. Serikali ya Beijing haikuweza kuibadilisha yenyewe. Tena nafuu yoyote iliyopewa taifa moja ilienda kwa mengine yote yenye mkataba, kwa hiyo hata kuwagonganisha wageni wenyewe kwa wenyewe ilikuwa kazi ngumu.

Kuna jambo lingine dogo lililouma zaidi. Tangu mikataba ya 1858, bidhaa ya mgeni ikilipiwa asilimia 2.5 ya ziada ilipewa cheti, ikapita bara bila kusimamishwa. Mfanyabiashara wa Kichina asiye na cheti hicho alitozwa lijin, yaani ushuru wa njiani, kizuizi baada ya kizuizi. Basi mwenyeji akalipa zaidi ya mgeni ndani ya nchi yake mwenyewe.

Msomaji wa pwani yetu ataitambua namba hiyo. Mkataba wa Sayyid Said na Wamarekani wa mwaka 1833 nao ulifunga ushuru wa Zanzibar kwenye asilimia 5, na kesi za Wamarekani wao kwa wao zikawa mikononi mwa konseli wao. Miaka tisa kabla ya Nanjing! Ukipata nafasi, weka mikataba hiyo miwili mezani uisome pamoja.

Sasa Hart. Mwaka 1853 waasi wa chama cha Panga Ndogo waliteka mji wa Kichina wa Shanghai, na shughuli za forodha zikavurugika. Mwaka 1854 makonseli wa Uingereza, Marekani na Ufaransa wakaweka wakaguzi wao. Mpango wa dharura ukageuka kuwa idara ya kudumu, na kuanzia 1863 ikaongozwa na Hart, mtu wa Ireland ya kaskazini, kwa karibu nusu karne. Hapa ujihadhari na kosa ambalo wanafunzi hulirudia: Hart alikuwa mwajiriwa wa Qing. Watu wake walikadiria ushuru na kuweka hesabu, lakini fedha zenyewe zililipwa kwa maafisa na benki za Kichina. Mapato yalipanda kutoka taeli milioni 8 hivi katikati ya miaka ya 1860 hadi zaidi ya milioni 20 mwishoni mwa miaka ya 1880. Taeli ni kipimo cha uzito wa madini ya fedha, gramu 37 hivi.

Fidia za mwanzo zilidhalilisha bila kufilisi. Ile ya 1842 ilikuwa dola milioni 21 za fedha, na milioni 6 kati yake zilikuwa bei ya afyuni ambayo Lin Zexu, mjumbe wa mfalme wa China, aliiharibu kule Humen mwaka 1839. Hebu fikiria: nchi inawalipa walanguzi kwa sumu iliyokamatwa kwenye mipaka yake. Nimefundisha somo hili miaka mingi, na bado kifungu hicho hunichoma kila ninapokifikia. Ile ya 1860, taeli milioni 8 kwa Uingereza na milioni 8 kwa Ufaransa, ilikatwa kwenye mapato ya forodha, sehemu moja ya tano kwa kila mmoja, na ikalipwa ikaisha.

Mambo yaliharibika mwaka 1895, na aliyeyaharibu hakuwa Mzungu. Japani ilishinda vita ikadai taeli milioni 200, kisha milioni 30 zaidi kwa kuirudisha rasi ya Liaodong. Mapato ya mwaka mzima yaliyoandikwa katika vitabu vya serikali hayakufika milioni 100. Kulipa taslimu kulikuwa muhali. Ikakopwa mikopo mitatu mikubwa: mwaka 1895 kutoka Urusi na Ufaransa, mwaka 1896 na 1898 kutoka benki za Uingereza na Ujerumani. Rehani ilikuwa forodha. Mkataba wa 1896 uliweka na sharti kwamba usimamizi wa forodha usibadilishwe hadi deni liishe. Soma sharti hilo polepole, maana lina uzito kuliko meli nyingi za kivita: kuanzia hapo, kuikomboa forodha kungekuwa kuvunja mkataba wa deni.

Juu ya hayo, madeni yalihesabiwa kwa dhahabu ilhali China ilikusanya kodi kwa fedha, na bei ya fedha duniani ilikuwa ikishuka tangu miaka ya 1870. Lugha yetu imeunganisha fedha na pesa katika neno moja, kwa hiyo tega sikio: fedha kama madini iliposhuka, deni lilipanda bila mtu kukopa hata senti. Itifaki ya mwaka 1901, baada ya vita vya Mabondia, waasi wa Kichina waliopinga wageni, iliongeza taeli milioni 450 kwa riba ya asilimia 4, zilipwe kwa miaka 39. Ukijumlisha riba unapata karibu milioni 982. Taeli ilifungwa kwenye shilingi 3 za Kiingereza, na fedha ilipozidi kushuka wadai walisisitiza walipwe kwa thamani ya dhahabu.

Forodha peke yake haikutosha tena. Serikali kuu ikayagawia majimbo mafungu ya kulipa, nayo yakapandisha kodi za chumvi, ardhi na bidhaa. Hapa lawama inawahusu na wenyeji. Wakati wa vita vya Taiping, uasi mkubwa wa ndani wa 1851 hadi 1864, Beijing iliwaachia magavana wa majimbo majeshi na lijin, na haikuwahi kuvirudisha vyote mikononi mwake. Forodha ndiyo iliyokuwa chanzo chake kikubwa cha uhakika, na sasa ilikuwa rehani.

Mwezi Mei 1911 serikali ikatwaa reli ambazo matajiri na wananchi wa majimbo walikuwa wamezichangia hisa, kisha ikasaini mkopo wa pauni milioni 6 na benki za mataifa manne ili kuzijenga. Jimbo la Sichuan likalipuka kwa hasira. Sehemu ya askari wa jimbo la Hubei wakapelekwa huko kutuliza, na tarehe 10 Oktoba wenzao waliobaki Wuchang, mji wa Hubei, wakaasi. Mfalme mtoto Puyi alijiuzulu tarehe 12 Februari 1912.

Kwa tasnifu yako, usiandike kwamba fidia ziliiangusha Qing. Andika kwamba madeni yaliinyima uwezo wa kununua utii wa majimbo yake, kisha uonyeshe hatua kwa hatua. Wala usiishie kwenye kujiuzulu kwa Puyi. Katikati ya mapinduzi hayo idara ya forodha, sasa chini ya Francis Aglen, mrithi wa Hart, ilianza kuzipokea fedha zenyewe na kuziweka katika benki za kigeni ili wadai walipwe kwanza. Jamhuri changa ikawa inagawiwa kinachobaki. Haki ya kupanga ushuru wake China ilianza kurudishiwa mwaka 1928, na Japani ikakubali mwaka 1930.